Gari Linakonyeza: Hitilafu Kumi za Umeme Zinazomsubiri Mwenye Celica ya Zamani Gatete

Tuseme mjomba wako wa Dar es Salaam amekuachia Toyota Celica ya mwaka 1988: milango miwili, pua ndefu, na taa za mbele zinazojificha ndani ya boneti mpaka uziamuru zichomoze. Unaishi Gatete, kando ya RN3, ambako Probox zinapita kati ya Rumonge na Bujumbura zimeshiba abiria na ndagala, na baiskeli zinapita zimeelemewa na bidoni za mawese. Kila mtu atageuka kukutazama. Usiku wa kwanza taa moja itachomoza, nyingine itaendelea kulala, na watoto watatangazia kijiji kizima kwamba gari lako linawakonyeza dada zao.

Usione haya, ukoo wa gari hilo ni mkubwa. Björn Waldegård alishinda Safari Rally kwa Celica mwaka 1984 na 1986, katikati yake Juha Kankkunen akashinda 1985, na Mkenya Ian Duncan akalibeba kombe hilo kwa Celica mwaka 1994. Tofauti ni kwamba wao walifuatwa na helikopta yenye mafundi. Wewe una fundi mmoja chini ya mwembe, na bisibisi aliyonayo ni ya kuazima.

Kabla ya kuhesabu, shika kanuni moja: kilichozimika mara nyingi sicho kilichoharibika. Balbu, stata na pampu ni mashahidi tu. Mkosaji yuko njiani, ama umeme ukienda, ama ukirudi. Kwa hiyo nunua multimita kabla hujanunua kifaa kingine chochote. Sasa tushuke, kutoka kero ndogo hadi mhalifu mkuu.

10. Kosa ambalo si kosa: taa zinazowapofusha wenzako

Kila dereva unayepishana naye anakuwashia ful. Wewe unadhani anasalimia gari. Anakutukana.

Celica yako ilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako magari hupita kushoto. Taa zake za chini hurusha mwanga juu kidogo upande wa kushoto, ili uone pembezoni mwa barabara. Burundi tunapita kulia, na upande wa kushoto ndiko yanakotoka macho ya mwenzako. Hakuna waya wa kukata wala wa kuunga hapo. Badili vioo vya taa uweke vya nchi za kupita kulia, au angalau ushushe taa kwa skrubu zake mpaka watu waache kukulaani.

Ukivuka kwenda Kigoma, ambako wanapita kushoto, taa zilezile zinakuwa na adabu. Ni gari pekee linalostaarabika likigongewa muhuri mpakani.

9. Indiketa yenye haraka kuliko gari

Ya kulia inapepesa taratibu, ya kushoto inapepesa kama imechelewa harusi. Fundi asiye na kazi atakuuzia rilei mpya ya indiketa. Kataa. Rilei za zamani hupima mkondo unaopita: balbu mbili za wati 21 huvuta takriban ampia 3.5. Balbu moja ikiungua mkondo unapungua, na rilei inaharakisha makusudi ili ujue. Ukiweka balbu za LED, zinazokula umeme kidogo sana, rilei hiyohiyo itadhani zote zimekufa.

Yaani gari limekwambia bure kwamba upande wa kushoto una balbu mbovu, na bado unamlipa mtu arudie maneno yake.

8. Fyuzi iliyovishwa karatasi ya sigara

Fungua kisanduku cha fyuzi. Ukikuta karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, au msumari, funga kwanza, vuta pumzi, halafu mwombee aliyefanya hivyo.

Fyuzi hailindi redio wala honi. Inalinda waya usiwe jiko. Rangi zake si mapambo: nyekundu ni ampia 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ukitia ya kijani mahali pa nyekundu, umeruhusu waya mwembamba ubebe mzigo mara tatu, na wa kwanza kuungua atakuwa waya, ndani ya dashibodi, karibu na magoti yako.

Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya rangi ileile. Ikiungua tena, usiweke ya tatu. Kuna shoti, na kuitafuta kwa kuunguza fyuzi ni kuwatajirisha wauza fyuzi. Chukua balbu ya taa ya mbele, iunge kwa nyaya mbili mahali pa fyuzi. Shoti ikiwapo, balbu itawaka kwa nguvu zote na hakuna kitakachoungua. Sasa tembea na nyaya, tikisa hapa, chomoa soketi pale. Balbu ikififia ghafla, mkono wako umemshika mwizi.

Pakiti ya sigara inasema imeandaliwa kwa ajili ya kuvutwa. Basi iache ivutwe.

7. Betri inayokufa usingizini

Kikulacho ki nguoni mwako. Jioni gari ni zima, baada ya siku tatu halina hata nguvu ya kulia honi. Kwa jinsi mafuta yalivyoadimika Burundi miaka hii, magari yanalala wiki nzima yakisubiri foleni isogee, na hapo ndipo kila kinyonyaji kidogo hujulikana.

Hesabu yenyewe ni hii: balbu ya wati 5 ndani ya buti hula takriban ampia 0.4. Betri ya ampia-saa 60 itafika nusu kwa siku tatu, na betri iliyozeeka haihitaji hata hizo. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 iko karibu na nusu. Chini ya 12, anza kutafuta vijana wa kusukuma.

Kumkamata kinyonyaji si kazi ya mganga. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Legeza nguzo hasi ya betri, weka multimita kati ya nguzo na waya wake, kwenye kipimo cha ampia 10. Saa na kumbukumbu ya redio zinaruhusiwa kula ampia 0.03, hata 0.05. Ukiona 0.4, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Ile iliyoiangusha ndiyo inayokuonyesha mtaa wa kwenda kupekua. Ila usijaribu kuwasha gari multimita ikiwa hapo, kwa sababu stata itapita ndani yake na utakuwa na vitu viwili vya kutengeneza.

Je, taa ya buti inazimika kweli ukifunga? Weka simu ndani ikirekodi video, funga, fungua, tazama. Usimfungie mdogo wako akatoe ushahidi.

6. Stata inayosema "tak" halafu inanyamaza

"Bosi, stata imekufa."
"Umejuaje, fundi?"
"Imesema tak."
"Maiti inasemaje?"

Pima volti kwenye nguzo za betri wakati mtu anazungusha ufunguo. Zikianguka chini ya 9.6, betri ndiyo dhaifu. Zikibaki 12 na stata bado inasema tak, umeme unakwama mbele. Stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi za wakati ule zina vipande viwili vya shaba ndani ya swichi yake ya sumaku. Kila unapowasha, cheche inavila kidogo. Baada ya miaka vinakuwa vyembamba kiasi kwamba sumaku inavuta, "tak" inasikika, lakini shaba hazigusani vizuri. Vipande hivyo vinabadilishwa peke yake, kwa bei ndogo sana kuliko ya stata nzima.

Kuigonga stata kwa nyundo mara nyingine inafanya kazi, na ndiyo balaa lake, kwa maana mtu aliyefanikiwa kwa nyundo mara moja hatanunua multimita maisha yake yote.

Ukihitaji kuazima betri, mtafute mvuvi wakati wa mbalamwezi. Usiku wa giza betri zake zinawasha taa za kuita ndagala ziwani, lakini mwezi ukijaa samaki hawazijali taa, na boti nyingi hulala ufukweni. Unga chanya kwa chanya, na waya wa mwisho wa hasi uubane kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Ukigeuza, diodi za oteneta zitaondoka duniani kabla hujamaliza kusema "samahani".

5. Oteneta na mtihani wa wazee

Kila mtaa una mzee mmoja anayejua "kupima" oteneta: injini ikiunguruma, anang'oa waya wa betri. Gari likiendelea kuunguruma, oteneta ni nzima. Mtihani huu una majibu mawili tu: oteneta ni nzima, au ilikuwa nzima. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiiondoa zinaruka juu ghafla, na zinaweza kuua kidhibiti, diodi, na kompyuta ya kuingiza mafuta, ambayo Celica ya 1988 inayo na mzee hana habari nayo.

Pima kistaarabu. Injini ikiunguruma, soma nguzo za betri: 13.8 hadi 14.5 ni afya. Chini ya 13 haichaji. Juu ya 15 inaipika betri, na utaijua kwa harufu ya mayai yaliyooza. Isipochaji, anza na mkanda uliolegea, kisha kaboni zilizokwisha, kisha waya mnene wa kwenda betri. Oteneta nzima iwe ya mwisho kwenye orodha, si ya kwanza kwenye risiti.

4. Macho yenyewe

Hapa ndipo Celica inapojitofautisha na Carina Ti ya jirani. Kila taa ina mota yake ya kuinua na kushusha, swichi ndogo ndani ya mota inayojua imefika juu au chini, na nyaya zinazopinda kila unapowasha na kuzima. Nyaya zinazopinda huvunjika ndani, huku ganda la nje likiwa zima na linang'aa. Fundi anatazama, anasema waya mzima. Waya umekufa umevaa suti.

Zishike karibu na mahali zinapopinda, uzivute taratibu. Ukihisi zinalegea kama mpira, shaba imekatika. Jaribu pia kuzitikisa taa ikiwa imewashwa. Ikishtuka, umefika. Ugonjwa huohuo hupatikana kwenye bawaba za mlango na za buti, na ndiyo sababu kioo cha umeme kinapanda mlango ukiwa wazi na kugoma ukifungwa.

Usiku ukikukuta kabla hujatengeneza, kila mota ina kifundo cha kuzungusha kwa mkono. Toa kwanza fyuzi ya mota hizo, ndipo uzungushe. Mota ikizinduka vidole vikiwa ndani, haitaomba radhi.

Na ukishindwa kabisa, inua zote mbili uziache zimekodoa. Heri gari lenye mshangao kuliko gari linalokonyeza wake za watu.

3. Taa za rangi ya mawese

Zinawaka, ndiyo, lakini kwa wekundu. Jawabu la haraka sokoni: balbu za wati 100. Usifanye hivyo. Balbu mbili za wati 55 huvuta takriban ampia 9. Mbili za 100 huvuta karibu 17, kupitia swichi na soketi zenye umri wa kuwa na wajukuu. Soketi inayeyuka, na taa zinabaki nyekundu vilevile.

Shida ni volti zinazopotea njiani. Balbu iliyopaswa kupata 12 ikipata 10.5, mwanga haupungui kwa asilimia 12 tu. Unapotea zaidi ya theluthi nzima, na RN3 usiku, pamoja na baiskeli zisizo na taa, inadai hiyo theluthi. Pima kwenye soketi ya balbu, taa ikiwa inawaka, ulinganishe na betri. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unatozwa ushuru.

Magari mengine yalizaliwa na tatizo hili. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na 1973 ikiwa na Shekhar Mehta, ilipitisha mkondo wote wa taa kubwa ndani ya swichi ya usukani bila rilei. Wenye magari hayo leo huongeza rilei mbili karibu na betri, zenye fyuzi zake na waya mnene mfupi, na swichi inabaki na kazi ya kutoa amri tu. Dawa hiyo inafaa gari lolote la zamani lenye taa hafifu.

2. Fundi aliyetangulia

Waingereza wenye MG na Triumph wana masihara yao: hitilafu zote wanamtupia Lucas, kampuni ya Birmingham iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari hayo, na wamempa cheo cha Mwanamfalme wa Giza. Sisi tunamlaumu Mjapani. Lucas na Mjapani wote wawili wamebebeshwa dhambi za mtu mwingine, naye ni yule aliyefunga redio mwaka ule.

Utamtambua kwa sahihi yake. Kiwanda kilitumia nyaya za rangi nyingi, kila moja na maana yake. Yeye alitumia moja, nyekundu, kwa kila kitu, kwa sababu ndiyo aliyoikuta dukani. Kiwanda kiliunga kwa soketi. Yeye alisokota kwa vidole akafunga tepu nyeusi, ambayo kwa joto la kando ya ziwa imegeuka uji. Kuna king'ora kisicholia tangu kifungwe, spika zisizokuwapo lakini nyaya zake zipo, na taa ya bluu chini ya kiti isiyokuwa na maelezo yoyote ya kiungwana.

Usianze kwa kufuata ramani ya Toyota. Ramani inaeleza gari lililotoka kiwandani, si hili. Anza kwa kuondoa. Fuata kila waya usio wa asili kuanzia betri, kwa sababu nyaya nyingi kama hizo zimening'inia pale kwenye nguzo chanya bila fyuzi, na uzikate zile zisizokwenda popote. Zinazobaki zipe kiungo cha kubana au risasi, na mkono wa plastiki unaonywea kwa moto. Hitilafu nyingi zitakufa kwa kuondoa tu, kabla hujaongeza kitu.

Na ukimaliza, andika kwenye karatasi ulichofanya na uiweke ndani ya kisanduku cha fyuzi, kwa sababu kuna siku mtu atasimama juu ya boneti hiyo akimlaani fundi aliyetangulia, na atakuwa anakusema wewe.

1. Ethi, mhalifu asiyeshukiwa

Kila mtu anafuata umeme unaokwenda. Nani anauliza unarudije? Kwenye gari unarudi kupitia chuma cha bodi, na mlango wake ni boliti chache zenye kutu, zilizosahaulika tangu Japani.

Dalili zake zinafanana na uchawi. Unakanyaga breki, indiketa inang'aa. Unawasha taa, honi inabadili sauti. Kebo ya mafuta inapata moto kila unapowasha injini. Sababu ni moja: umeme uliokosa njia ya kurudi nyumbani umepita kwa jirani. Kebo ya mafuta inaungua kwa sababu waya wa ethi wa injini umelegea, na mkondo wa stata umeamua kurudi kupitia kebo nyembamba isiyokuwa na hatia.

Na haihitaji kutu nyingi. Omu moja tu ya kizuizi kwenye ethi ya balbu ya wati 55, na balbu inabaki na volti zisizofika 9. Multimita kwenye mlio wa "tiii" italia vizuri na kukwambia pako salama, kwa sababu hata unywele mmoja wa shaba unatosha kuifanya ilie. Usiamini mlio. Washa kile kinacholalamika, weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha kitako cha balbu, na usome volti. Chini ya 0.2, ethi haina kesi. Ikisoma 1 au 2, umemaliza upelelezi.

Kwa Toyota una bahati: nyaya za ethi ni nyeupe zenye mstari mweusi. Zifuate. Kutoka betri hadi bodi, kutoka injini hadi bodi, nyuma ya taa za mbele pande zote mbili, chini ya dashibodi karibu na miguu, na ndani ya buti. Fungua boliti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake ili maji yasirudi.

Buti ipe zamu ya kwanza. Tanganyika ni ziwa la maji matamu, usilisingizie chumvi. Chumvi imetoka kwenye gunia la ndagala ulilombebea shangazi kutoka soko la Rumonge, ukasema "litakaa kidogo tu". Samaki walifika salama. Taa za nyuma bado zinawalipia nauli.

0. Ya nyongeza, kwa waliofika hapa na gari bado haliwaki

Betri 12.6, fyuzi zote nzima, stata inazungusha, ethi zinang'aa, na injini bado inakunja uso. Geji ya mafuta inaonyesha nusu, lakini geji hiyo nayo ni kifaa cha umeme, na sasa unajua thamani ya neno lake. Fungua kifuniko cha tangi, mwambie fundi atikise gari, usikilize. Kukiwa kimya, weka multimita mfukoni na uchukue bidoni. Huo si waya. Hiyo ni Burundi.